Safari Yetu ya Kahawa Sukari

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuhalalishia vilivyo vizuri, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu wasomaji, tumeombwa mara nyingi na wazazi wa watoto wa chuo chetu tuseme neno juu ya vile vinywaji vitamu vya barafu vinavyouzwa mikahawani siku hizi, vinavyosagwa kwa mashine pamoja na kahawa na maziwa na shira: je, vyawafaa watoto, au haviwafai? Tulikuwa tukikawia kujibu, kwa kuwa mambo ya tumbo la mtoto tuliyaona ni ya mama yake na daktari, si ya mwalimu wa Qurani. Lakini safari tuliyoifunga mwezi wa Disemba mwaka 2023 ilitufundisha kuwa mwalimu naye ana sehemu yake, na kwamba sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwa wenye kukosea. Basi tutaisimulia safari hiyo kama ilivyokuwa, na ndani yake mtalipata jibu.

Sisi ni watu wa Mji wa Kale wa Mombasa, na kahawa kwetu si kitu kigeni. Baada ya sala ya alasiri, na tena baada ya Isha, muuza kahawa huja barazani na dele lake la shaba, makaa yakiwaka chini yake, na vikombe vidogo visivyo na mkono akivigonganisha vikalia, nasi tukajua kuwa amefika. Kahawa yenyewe ni nyeusi, ina tangawizi, haina sukari hata punje, na kikombe chake humalizika kwa mafunda matatu. Mwenye kutaka utamu hula tende, au kashata, au kipande cha halua, kisha akaunywa ule uchungu juu yake. Hapo husemwa khabari za mji, hupatanishwa waliogombana, na huulizwa hali ya mgonjwa.

Tulipokuwa na umri wa miaka minane hivi, siku moja tulimlilia marehemu baba yetu barazani hapo atupe na sisi. Akatupa. Tukapiga funda moja, tukalitema chini, macho yakatutoka machozi, na wazee wote wakacheka. Baba akasema, "Kahawa yajilinda yenyewe, mwanangu. Siku utakapoipenda utakuwa umeshakuwa mtu mzima." Kisha akatukatia halua, tukaenda zetu kucheza. Maneno hayo tuliyachukua kuwa ni mzaha, tukayasahau kwa miaka zaidi ya arobaini.

Binti yetu ameolewa Nairobi, na mwanawe wa kwanza, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa amehifadhi Juzuu Amma yote. Mama yake akatupigia simu akasema, "Baba, mjukuu wako asema hatamsomea mtu mwengine mpaka akusomee wewe kwanza." Nani awezaye kukataa mwito kama huo? Tukatia nguo mkobani, tukachukua na ratili mbili za halua, na asubuhi tukaenda Miritini kupanda treni.

Reli hii mpya ilianza kuchukua abiria mwaka 2017, na treni ya vituo vyote huondoka Mombasa asubuhi ikawasili Nairobi mchana. Tulipita Mariakani, tukaingia katika nyika ya Taru yenye miti mikavu na udongo mwekundu, na tulipofika Voi tukaiona milima ya Taita upande wa kushoto. Huko milimani kuna mahali paitwapo Bura, na ndipo wamisionari wa Kifaransa walipopanda kahawa mwaka 1893, na huo huhesabiwa kuwa mwanzo wa kilimo cha kahawa katika nchi ya Kenya. Baadaye ikapandwa Kibwezi, ambako treni hii pia husimama, kisha ikafika nyanda za Kikuyu karibu na Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20, na hapo ikapata baridi na mvua na udongo ilioutaka, ikastawi. Basi tulijiona kama tunaofuata nyayo za mmea huo, kituo baada ya kituo, kutoka pwani kwenda bara. Hata hivyo watu wa pwani walikuwa wakiijua kahawa na kuinywa kabla ya mche huo wa Bura, kwani buni ilikuja na majahazi kutoka Arabuni pamoja na tende na papa.

Mkwe wetu alitupokea kituoni Syokimau, akatupeleka nyumbani kwake kwa njia kuu ya kwendea Thika. Mtaa wanaokaa waitwa Kahawa Sukari, nao uko mpakani baina ya jiji la Nairobi na kaunti ya Kiambu. Jina hilo lilitufurahisha sana, kwani sisi tuliolelewa na dele hatukudhani kuwa maneno hayo mawili yaweza kukaa pamoja. Upande huo ulikuwa na mashamba makubwa ya kahawa, na mengi yamekwisha kukatwa yakajengwa majumba na barabara na maduka. Ni ajabu kuona kuwa mahali ambapo miti ya kahawa imeondoka, mikahawa imezidi.

Usiku ule baada ya Isha mtoto alivaa kanzu na kofia, akakaa mbele yetu, akasoma sura zote 37, tangu Amma mpaka An-Naas. Alikosea mahali pawili tu, na pote pawili alijirudi mwenyewe. Machozi yalitutoka. Tukamwambia, "Haya, mwana wetu, taja zawadi uitakayo." Wala hakufikiri. Akasema, "Babu, nataka kahawa ya barafu, gilasi kubwa." Mama yake akacheka, nasi tukacheka, tukaahidi kesho yake baada ya alasiri.

Siku ya pili, ambayo ilikuwa Jumamosi, tulikwenda naye katika jengo moja kubwa la maduka. Mkahawa ulikuwa ghorofa ya chini, una viti vya ngozi na taa za manjano, na harufu yake ya buni iliyokaangwa hivi punde ilitukumbusha nyumbani. Mezani tuliwaona kina mama na kina baba na watoto wao wadogo, na kila mtoto ana gilasi ndefu ya plastiki mbele yake. Tukasimama kutazama namna kinavyotengenezwa. Kijana wa kazi alitia barafu katika mashine, akamimina maziwa, akaongeza kahawa nzito iliyopikwa, kisha akabonyeza chupa ya shira mara nne, mashine ikanguruma. Alipokwisha akaijaza gilasi, akaweka juu yake povu zito la krimu, na juu ya krimu akatiririsha sukari iliyounguzwa. Tukamwuliza kama vyote vina kahawa. Akajibu kwa adabu, "La, mzee, vingine ni maziwa na ladha tu. Lakini hiki alichokichagua mtoto kina kahawa."

Tulilisikia jibu hilo kwa masikio yetu, na tukalipa. Bei yake ilitosha maziwa ya nyumba nzima kwa siku tatu.

Ubaoni paliandikwa majina mengi, na mtoto akatuuliza, "Babu, *mocha* ni nini?" Hapo mwalimu alipata somo lake. Tukamweleza kuwa hilo ni jina la bandari ya Mukha katika nchi ya Yemen, ambako kahawa ya dunia ilikuwa ikipakiwa majahazini, na kuwa huko ndiko jina la Sheikh Ali bin Umar Ash-Shadhili lilikotukuka, na msikiti wenye jina lake. Tukamwambia kuwa katika karne ya 15 masufi wa Yemen waliinywa kahawa ili wapate nguvu ya kukesha usiku katika dhikri. Tukamwambia pia kuwa mwaka 917 Hijria, yaani 1511, liwali wa Makka aliyeitwa Khair Beg aliwakusanya wanavyuoni akaipiga marufuku, na kwamba amri iliyokuja kutoka kwa Sultani wa Misri haikuiharamisha kahawa yenyewe, bali ilikataza maovu yaliyofanywa katika mikutano ya kuinywa. Hatimaye umma ulikubali kuwa ni halali. Mtoto alisikiliza huku akivuta mrija, na alipofika mwisho mrija ukakoroma, akauliza kama kuna gilasi iliyo kubwa zaidi.

Tazameni basi, ndugu zetu, ghafla ya mwanadamu. Tulimweleza mtoto kwa ulimi wetu kuwa kahawa ilinywewa ili watu wasilale, na wakati huo huo tulikuwa tumemnunulia, saa kumi na moja jioni, gilasi nzima.

Usiku ule mtoto alilazwa saa tatu kama desturi. Saa tano tulimsikia akigeuka geuka. Saa sita akaja kwenye chumba tulichopewa, akasimama mlangoni akasema, "Babu, usingizi umeniruka. Na moyo wanipiga." Tukaweka mkono kifuani mwake, na kweli ulikuwa ukienda mbio. Khofu ilituingia. Tulimpa maji, tukakaa naye kitandani, tukasoma pamoja Ayatul Kursiy, akasoma na sura zake mara mbili tatu, na macho yake yakabaki makavu kama ya ndege. Alilala saa nane na nusu. Ilipoadhiniwa alfajiri, yeye ambaye tumeambiwa huamka mwenyewe na kumwamsha baba yake, tulimtikisa akafungua jicho moja, akalala tena. Aliamka jua limeshapanda, kichwa chamuuma, na kifungua kinywa hakukigusa.

Tulimwomba radhi binti yetu. Akasema, "Baba, kosa si lako peke yako. Mimi humnunulia kila Ijumaa jioni akitoka shule, nikidhani ni maziwa matamu tu. Usiku wa Jumamosi huwa hivi hivi halali, tukisema ni furaha ya kuwa kesho hakuna shule. Na mwalimu wake wa chuo amenipelekea maneno mara mbili kuwa Jumamosi asubuhi mtoto husinzia juu ya msahafu. Mimi nikawa namgombeza."

Maneno hayo ndiyo yaliyotuchoma kuliko yote. Kwani sisi tumefundisha kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini, na katika chuo chetu wapo watoto wanaosinzia. Ni wangapi tuliowasimamisha mbele ya wenzao, tukawaita wavivu, wala hatukuuliza hata mara moja, "Jana ulikunywa nini, na ulilala saa ngapi?"

Tuliporudi Mombasa tulimwendea daktari mmoja ambaye wanawe wasoma kwetu, tukamweleza kisa chote. Alitufahamisha kwa upole, nasi twayaandika maneno yake kwa faida ya wasomaji.

Alisema kuwa ndani ya kahawa mna kitu kiitwacho kafeini. Mwili wa mtu, kwa kadiri anavyokaa macho mchana, hukusanya ubongoni kitu kinachomletea uchovu na usingizi. Kafeini hukaa mahali pa kitu hicho ikakizuia kufanya kazi yake. Uchovu haukuondoka, ila umefichwa. Kwa mtu mzima, nusu ya kafeini aliyoinywa huchukua kiasi cha saa tano kutoka mwilini. Basi aliyekunywa saa kumi na moja jioni, saa nne usiku nusu yake ingali damuni.

Ama kadiri, wataalamu wa usalama wa chakula wa nchi za Ulaya walitoa rai yao mwaka 2015, kuwa miligramu 3 za kafeini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mtoto si jambo la kutia wasiwasi. Mjukuu wetu ana kilo 28. Zidisheni kwa 3, mtapata 84. Na gilasi kubwa ya kinywaji hicho, yenye karibu nusu lita, yaweza kuwa na miligramu kama 100. Yaani kwa gilasi moja alivuka mpaka wa siku nzima, tena kwa jioni moja. Na chai tunayowapa nyumbani nayo ina kafeini, ingawa kwa uchache. Basi mtoto aliyekunywa chai asubuhi na mchana amekwisha kutumia sehemu ya haki yake.

Kisha akatutajia sukari. Chama cha Marekani cha Maradhi ya Moyo kilishauri mwaka 2016 kuwa mtoto wa tangu miaka 2 hadi 18 asipate zaidi ya gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, nazo ni kama vijiko sita vya chai, na aliye chini ya miaka 2 asipewe kabisa. Gilasi moja kubwa ya namna hii yaweza kuwa na gramu 50 na zaidi, yaani vijiko kumi na viwili. Hatusemi kuwa gilasi moja humtia mtoto maradhi. Lakini mazoea ya vinywaji vya sukari huoza meno, hunenepesha, na huongeza khatari ya maradhi ya sukari baadaye. Sisi tulimzika ndugu yetu aliyekatwa mguu kwa maradhi hayo, na mke wetu hujichoma kidole kila asubuhi kupima damu. Tulijua njia hiyo inakopita, na bado tuliifanya sukari kuwa zawadi ya Qurani.

Mtu atatuambia, "Na nyinyi watu wa pwani, je, halua yenu? Kaimati zenu zilizozama katika shira?" Kweli, na hatujitakasi. Tumezidi, na yafaa tupunguze. Ila halua huliwa kipande, nayo hukinaisha. Mtu hawezi kula kipande cha nne bila ya kujuta. Kinywaji cha baridi hakikinaishi. Hupita kooni kwa urahisi, na mtoto huimaliza nusu lita akidhani hajala kitu.

Hapa ndipo tulipoyakumbuka maneno ya marehemu baba yetu, tukafahamu kuwa hayakuwa mzaha. Uchungu wa kahawa ulikuwa ua. Haikuhitajiwa sheria wala daktari kumzuia mtoto. Ulimi wake ulimzuia. Vinywaji hivi vipya vilienea kutoka Marekani: mkahawa mmoja wa mji wa Boston ulianza kukiuza kile kiitwacho Frappuccino, kampuni ya Starbucks ikaununua mwaka 1994, na mwaka uliofuata ikaanza kukiuza katika maduka yake, na wengine ulimwenguni wakaiga. Sukari na barafu na krimu zimeuvunja ule ua, na kahawa imekuwa wazi kwa kila mtoto. Ua likivunjika, mchunga hapana budi asimame penye pengo mwenyewe. Na Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya wale aliowekewa mkononi mwake.

Basi jibu letu kwa wazazi waliotuuliza ni hili. Vinywaji hivi si haramu, wala hatumruhusu mtu kuharamisha kilichohalalishwa. Lakini si kila kilicho halali kwa mkubwa chamfaa mdogo. Mwenyezi Mungu ametupa ruhusa ya kula na kunywa, na pamoja na ruhusa hiyo akatukataza israfu katika Suratul A'araf, aya ya 31. Mkubwa ana usiku wa kukesha, ama kwa ibada, ama kwa kazi. Mtoto haki yake usiku ni kulala, na katika usingizi huo ndimo anamokua, na ndimo kilichohifadhiwa mchana kinamotulia moyoni.

Kile chenye kahawa, mtoto mdogo asipewe. Kile kisicho na kahawa, apewe kwa nadra, gilasi ndogo, tena igawanywe baina ya wawili, wala kisiwe ada ya kila juma. Mzazi asione haya kumwuliza mwuzaji, "Mna kahawa ndani? Shira mwatia mara ngapi?" Na nyumbani twaweza kusaga ndizi mbivu au embe na maziwa baridi bila ya sukari, au tende mbili tatu na maziwa, na dafu lingali linauzwa mjini kwetu. Na sisi walimu, tunapomwona mtoto anasinzia juu ya msahafu, tuulize kwanza kabla ya kukemea.

Agosti ya mwaka 2024 mjukuu wetu alikuja Mombasa kwa likizo, naye ameshahifadhi Juzuu Tabaraka. Mama yake alikuwa ameacha kumnunulia kile kinywaji, na mwalimu wake alikuwa hajaleta tena mashtaka. Alipokwisha kusoma tulimwuliza, kwa khofu kidogo, ni zawadi gani aitakayo safari hii. Akanyamaza, akatutazama, akasema, "Babu, nataka baiskeli."

Baiskeli ni ghali kuliko gilasi nyingi za kahawa ya barafu, nasi si watu wa mali. Tuliinunua. Akaipanda tangu alasiri mpaka karibu na magharibi, na usiku ule, baada ya Isha, alilala kabla hatujamaliza kumfunika shuka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu na watoto wa Waislamu wote, awape afya na ufahamu wa kitabu chake, na atusamehe sisi tuliyoyakosa kwa kutojua. Amin.